Jibu Alilolificha Kipeo

Siku ya kumi na tisa ya kungoja, Chiriku alianza kumshuku mpenzi wake.

Hakumshuku kwa manukato ya mtu mwingine wala kwa jina geni kwenye simu. Yangekuwa hayo angejua la kufanya, maana wanawake wa ukoo wao hawakuwa wageni wa vita vya namna hiyo. Alimshuku kwa jambo dogo, ambalo hata angelisema mbele za watu wangemcheka. Kipeo alikuwa amebadilisha swali.

Tangu walipotuma maombi yao chuo kimoja, siku moja, kila asubuhi simu ya Chiriku ilipokea ujumbe uleule: "Yametoka?" Naye alijibu, "Bado. Yako?" Kipeo akamalizia, "Bado." Ndivyo walivyojuliana hali, kama wagonjwa waliolazwa wodi moja. Lakini sasa yapata wiki moja na ushei, ujumbe ulikuja hivi: "Yako yametoka?"

Yako. Neno lenyewe halikuwa zito. Lakini Chiriku aliligeuza kichwani mchana kutwa. Mtu anayengoja pamoja nawe husema "yametoka", basi. Anayesema "yako" ameshajitoa kwenye foleni, amekaa pembeni, anakutazama wewe uliyebaki umesimama.

Chuo chenyewe kilikuwa mbali, safari ya ndege mbili, na sifa yake kubwa ilikuwa kukataa watu. Maelfu kwa maelfu waliomba kila mwaka, na waliochukuliwa wangeenea kwenye mabasi mawili na viti vikabaki. Chiriku aliomba udaktari wa macho, Kipeo akaomba hisabati. Waliambiwa majibu yangetoka ndani ya mwezi huo kwa barua pepe, kila mtu kwa siku yake. Siku ile walipotuma, wakiwa wamebanana kwenye kiti kimoja mbele ya kompyuta ya maktaba, Kipeo alimshika kidole cha mwisho akasema, "Atakayepata jibu asifungue peke yake." Chiriku akacheka, akasema, "Atakayefungua peke yake macho yamtoke." Wakaapa hivyo, nusu mzaha, nusu kweli.

Chiriku alikuwa na miaka ishirini na mbili. Jina hilo alipewa na baba yake tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa haishi kulonga. Alifanya kazi kwenye duka la miwani la shangazi yake, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya chumba cha nyuma, kusaga kingo za lenzi hadi zikae kwenye fremu bila kulazimishwa. Kipeo alifundisha masomo ya ziada ya hesabu kwa wanafunzi wa sekondari, katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la vitabu. Wanafunzi ndio waliompa jina. Walisema mwalimu huyu hata akiota huota vipeo na vipeuo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye vidole vyenye vumbi la chaki kila saa. Chiriku alilipenda vumbi lile. Mara nyingi alirudi nyumbani akakuta alama nyeupe begani mwa gauni lake, akaiacha hapo mpaka siku ya kufua.

"Mwanangu," shangazi alisema asubuhi hiyo, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, "hiyo simu ukiichungulia hivyo haitaiva haraka."

"Naangalia saa tu, shangazi."

"Saa iko ukutani. Tena kubwa kama sinia."

Chiriku akaiweka simu mfukoni. Alikuwa amejiwekea sheria ya kuangalia barua pepe mara tatu tu kwa siku, asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kufunga duka. Kufikia saa nne alikuwa ameivunja mara kumi na moja. Kungoja kulikuwa kumemfanya mtu asiyejifahamu. Usingizi wake ulikuwa mwepesi kama wa mlinzi. Mteja akimwambia "nitarudi kesho", moyo wake ulishtuka kana kwamba kesho ni jina la mtu.

Jioni yake alikula na baba yake. Mama alifariki Chiriku akiwa darasa la pili, na tangu hapo meza yao ilikuwa ya watu wawili. Baba alikuwa tarishi wa posta aliyestaafu. Alikuwa na miguu ya mtu aliyetembea sana na macho ya mtu aliyeona nyuso nyingi milangoni.

"Yule kijana wako nimekutana naye leo," baba alisema, huku akijimwagia maji mikononi. "Ameshapata barua yake."

Kijiko cha Chiriku kikagota kwenye sahani. "Amekwambia?"

"Hajaniambia kitu. Amenisalimia tu, 'Shikamoo mzee,' nikamwitikia."

"Sasa umejuaje?"

"Miaka thelathini na moja nimepeleka barua, mama. Mtu anayengoja barua hamtazami tarishi usoni, humtazama mkono. Kijana huyu siku zile za mwanzo kila akiniona aliitazama mikono yangu, utadhani bado nimebeba mfuko. Leo amenitazama usoni. Kisha akainamisha macho."

"Baba, siku hizi barua haziji kwa mkono."

"Barua zimebadilika, watu hawajabadilika." Alitafuna taratibu. "Na kama nimekosea, nitamwomba radhi. Lakini nikiwa sijakosea, jiulize wewe. Mtu anayekaa kimya na habari njema, akipata mbaya atafanya nini? Mtu wa namna hiyo mimi simpi mtoto wangu hivi hivi."

Baba akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kama ni habari mbaya vilevile, kwa nini asilie nawe? Analia na nani?"

Swali hilo ndilo lililomkosesha raha. Analia na nani?

* * *

Kesho yake, saa tano asubuhi, mama yake Kipeo aliingia dukani.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, mwanamke nadhifu aliyezoea kutii na kutiiwa. Hakuwahi kumtukana Chiriku. Aliwahi tu kusema, mahali ambapo alijua maneno yatafika, kwamba anayepanda ngazi habebi mzigo mgongoni. Maneno yakafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo? Nimekuja kwa miwani ya kusomea."

Shangazi alikuwa ametoka. Chiriku akamkalisha kwenye kiti, akamletea fremu nne, naye akazijaribu moja moja mbele ya kioo.

"Nataka inayofaa kwa maandishi madogo," alisema. "Ya kwenye simu. Mtoto akiwa mbali mzazi huishi kwa maandishi madogo."

"Mbali wapi, mama?"

Mwanamke yule alikuwa anatazama kioo, lakini hakuwa anajitazama yeye. Alikuwa anamtazama Chiriku aliyesimama nyuma yake.

"Kwani hajakwambia?"

Chiriku alihisi damu ikimpanda masikioni. Alichukua rula ndogo ya kupimia umbali wa mboni. "Tazama paji la uso wangu, mama. Usitikisike." Akainama hadi nyuso zao zikakaribiana kama za watu wanaonong'onezana siri. Mkono wake haukutetemeka. Baadaye, kila alipoikumbuka siku hiyo, jambo hilo peke yake lilimpa fahari.

"Sitini na moja," alisema, akaandika.

"Basi mimi sijasema kitu," mama Kipeo alisema. "Yawezekana alitaka akushtue kwa furaha. Unajua vijana." Akaivua fremu. "Binti yangu, sina neno baya nawe. Umelelewa, una adabu, una kazi mkononi. Lakini nakuomba kama mzazi, usimshike mguu. Siku zenyewe zinaisha."

"Siku gani zinaisha?"

"Muulize yeye."

Alichagua fremu nyeusi, akaaga, akatoka. Chiriku alibaki ameshika ile rula. Hakujua kama maneno yale yalimponyoka yule mama au aliyatupa makusudi kama mtu anavyotupia kuku punje za mtama, ili aone watakimbilia wapi. Alijua tu kwamba alikuwa ameshaanza kukimbia.

* * *

Alifika ukumbini saa kumi na nusu, wanafunzi wa mwisho wakitoka. Kipeo alikuwa anafuta ubao. Alipomwona akatabasamu, na tabasamu lile, ambalo siku nyingine lingemfanya naye atabasamu, leo Chiriku alilipokea kama noti anayoinyoosha juani kuona kama ni halali.

Aliufunga mlango nyuma yake.

"Yametoka?" aliuliza.

Kipeo akageukia ubao. "Bado."

"Bado yako, au bado yangu?"

Kifutio kikasimama. Ubaoni ilikuwa imebaki nusu ya hesabu, mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa.

"Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo kuna la kuambiwa." Chiriku alivuta dawati akakaa. "Lini?"

"Wiki iliyopita. Hapana, ile ya kabla."

"Mwalimu wa hesabu hajui kuhesabu siku?"

"Siku kumi na mbili," Kipeo alisema polepole. "Leo ni ya kumi na mbili."

"Wamekukubali."

"Wamenikubali."

Maneno hayo mawili walikuwa wameyaota pamoja tangu mwaka jana. Walikuwa wamepanga hata namna watakavyoyapokea. Wangepiga kelele, wangekumbatiana hadharani, liwalo na liwe. Sasa yamesemwa ndani ya ukumbi mtupu unaonuka chaki, na hakuna aliyesogea.

"Na wanataka uwajibu lini?"

"Kesho saa sita mchana."

"Umeshawajibu?"

"Sijawajibu."

"Unangoja nini?"

Kipeo akaja akakaa dawati la mbele yake, miguu yake mirefu ikigonga ubao wa chini. Alinyoosha mkono. Chiriku akauondoa wake.

"Sikutaka kukuumiza," alisema. "Wewe ungali unangoja. Nilijua nikikwambia, kila siku yako ya kungoja itakuwa kama siku mbili. Nikasema, acha lako litoke kwanza, tufurahi pamoja."

Lilikuwa jibu zuri, na uzuri wake ndio uliomtia Chiriku wasiwasi. Lilikuwa limepigwa pasi.

"Hiyo ni sababu ya kumpa mtu wa pembeni," alisema. "Mama yako anaweza kuiamini. Nipe ya kweli."

"Hiyo ni ya kweli."

"Kipeo. Kila asubuhi umeniandikia. 'Yako yametoka?' Mtu anayemhurumia mgonjwa hamwamshi kila alfajiri kumuuliza kama bado anaumwa. Ulikuwa unatafuta kitu. Ulitafuta nini?"

Kipeo alitazama vidole vyake. Nje, mtu alikuwa anashusha mlango wa chuma wa duka la vitabu, mlango ukilia kwa kelele ndefu. Ulipotulia, alisema:

"Nilikuwa naomba ukose."

Chiriku alidhani amesikia vibaya.

"Nilikuwa naomba ukose," alirudia, sasa sauti yake ikikwaruza. "Ukikosa, ningekuwa na sababu. Ningewaambia chuo hapana, ningemwambia mama nimebaki kwa ajili yako. Watu wote wangesema, tazama kijana anavyopenda. Hakuna ambaye angejua kuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Hapa mimi ni Kipeo. Kule kila mmoja ni kipeo cha kwao. Nikifika nitakuwa nani?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Siku nyingine Chiriku angeinuka, angekiweka kile kichwa kifuani pake. Na kweli mikono yake ilitaka. Mwili una upumbavu wake. Lakini akili ilikuwa imekwama mahali pamoja.

"Kwa hiyo asubuhi zote hizi," alisema, "mimi nikiamka naomba tupate wote wawili, wewe upande wa pili unaomba mimi nianguke."

"Ndiyo."

"Ili uniegemee nikiwa chini."

Chiriku aliinuka, akachukua mkoba wake. Mlangoni alisikia akiitwa, si kwa jina la utani bali kwa jina lake halisi, ambalo Kipeo alilitumia mara chache sana. Hakugeuka. Alijua akigeuka atamwona, na akimwona atamhurumia, na huruma ilikuwa kitu cha mwisho alichotaka kukibeba hadi nyumbani siku ile.

* * *

Jibu lake lilitoka asubuhi iliyofuata, saa tatu na dakika kumi.

Alikuwa chumba cha nyuma, lenzi moja mashineni. Simu ikatikisika mfukoni. Alizima mashine, akafuta mikono kwenye aproni, akafungua peke yake. Hakuona tena kiapo cha kutunza.

Alisoma mara moja haraka, mara ya pili polepole. Maombi yake yalikuwa bora sana. Ushindani ulikuwa mkali kupita miaka yote. Hawakuweza kumpa nafasi kwa sasa, ila hawakumkataa. Jina lake limewekwa kwenye orodha ya akiba. Nafasi ikipatikana wangemwita, na wangemjulisha kabla ya wiki kumi na mbili kwisha, maana masomo ya udaktari huanza baada ya mengine. Walimshukuru kwa uvumilivu wake.

Shangazi alichungulia. "Mbona mashine imenyamaza? Ni wao?"

"Ni wao."

"Wamesemaje?"

"Wamesema ningoje."

"Baada ya kungoja kote huku?"

"Baada ya kungoja, ningoje."

Shangazi aliingia, akavuta kigoda, akakaa karibu yake bila kusema neno. Hilo pekee kutoka kwa shangazi lilikuwa jambo la kutisha. Kisha akasema, "Kataa iko wazi, kubali iko wazi. Hii ya katikati ni ya watu wasiojua adabu." Chiriku akacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, shangazi akampokea begani. Alipotulia aliwasha tena mashine, akamalizia lenzi. Ilikuwa ya mama Kipeo.

Kipeo alikuja saa nne na nusu. Alivaa shati lile lile la jana. Shangazi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akaitikia salamu yake kwa pua, akaenda kupanga fremu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari, umbali wa kusikia kila kitu.

Chiriku alibaki nyuma ya kaunta. "Umewajibu?"

"Bado."

"Umebakiwa na saa moja na nusu."

"Najua." Alishika ukingo wa kaunta. "Sikulala. Nimefikiri. Ukisema nisiende, siendi. Naandika hapana hapa hapa, mbele yako."

Lilikuwa jambo ambalo wasichana wengi wangeliweka kwenye kumbukumbu kama ua kavu ndani ya kitabu. Chiriku aliligeuza akalitazama upande wa chini.

"Unataka mimi ndiye niseme," alisema. "Ili miaka kumi ijayo, ukikasirika na maisha, uwe na wa kumlaumu anayelala kitanda kimoja nawe. Hapana. Mzigo huo ubebe mwenyewe."

Kipeo alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Langu limetoka," Chiriku alisema.

Akamtazama. Alimtazama vile anavyotazama lenzi kwenye mwanga, akitafuta mkwaruzo. Alitaka kuiona ile furaha aliyoikiri jana, hata kama ingepita kwa nukta moja, apate kummaliza moyoni mwake kabisa.

"Orodha ya akiba," alisema. "Si ndiyo, si hapana."

Kipeo aliachia ukingo wa kaunta. "Pole," alisema. "Jana ungeniambia hivi, kuna kitu ndani yangu kingeshangilia. Nilikuwa najitazama sasa hivi uliposema. Nimekitafuta, sijakiona. Sijui kama utaniamini."

"Sikuamini."

"Najua."

"Lakini nimekusikia."

Macho yao yakakutana hapo, yakakaa. Alikuwa na uvimbe wa kukosa usingizi chini ya macho, na ndevu za siku mbili. Chiriku alikasirika kwa kuona kwamba hata hivyo alikuwa mzuri. Akashusha macho, akaanza kukifuta kioo cha kaunta ambacho hakikuwa na doa.

"Na mimi nina langu la kusema," alisema akiendelea kufuta. "Mama yako alipokaa kiti kile akanidokeza, kabla sijakasirika kwa uongo wako, kuna kitu kilitangulia. Wivu. Nilisema moyoni, kwa nini yeye? Mimi ndiye niliyemsahihishia barua yake ya maombi, mimi ndiye niliyemwambia aombe. Furaha ilifika ya tatu, tena ikichechemea."

Kipeo alimtazama kama vile anamwona kwa mara ya kwanza. "Basi sisi wawili ni watu wabaya."

"Wabaya tunaolingana."

Nyuma ya rafu, shangazi alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Sikiliza," Chiriku alisema, na sasa aliacha kufuta. "Nimechoka kungoja. Chuo cha utabibu wa macho cha hapa mjini bado kinapokea maombi, shangazi ameniimbia habari zake mwaka mzima. Kesho napeleka yangu. Wale wa mbali wakiniita, nitafikiria. Wasiponiita, hawatanikuta nimekaa dirishani."

"Na mimi?"

"Wewe pia nimekuweka kwenye orodha ya akiba."

Kipeo alitaka kucheka, akaona usoni pake kwamba si mzaha mtupu. "Nafasi hupatikanaje kwenye hiyo orodha?"

"Usiniahidi kitu. Ahadi ya kwanza umeivunja, sitaki ya pili. Nataka habari. Habari yoyote ikikufikia, nzuri au mbaya, inifikie mimi siku ileile. Usinipimie ninachoweza kubeba. Mabega ni yangu."

"Hata habari ya aibu?"

"Ya aibu iwe ya kwanza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo. Kipeo alitoa simu, akaiweka juu ya kaunta kati yao, uso wake juu. Aliandika sentensi mbili. Kidole kilitua juu ya kitufe, kikaganda pale, naye akamtazama Chiriku kwa macho ya mtu anayeomba kusukumwa. Chiriku aliikunja mikono yake kifuani. Hakumsukuma. Kisha Kipeo akavuta pumzi akabonyeza, yeye mwenyewe.

"Nimekubali," alisema kwa sauti ndogo.

"Hongera," Chiriku alisema. Safari hii furaha ilifika mapema kidogo. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, Kipeo akaushika kwa mikono yote miwili, akauinamia, na Chiriku akahisi vumbi la chaki na joto la machozi vikichanganyika kwenye vidole vyake.

"Mkimaliza," shangazi alisema, "kuna mteja mlangoni."

* * *

Kipeo aliondoka wiki ya sita ya zile kumi na mbili. Kwenye uwanja wa ndege mama yake alilia ndani ya miwani mipya, akamshika Chiriku mkono. Baba alimpa Kipeo mkono akaushikilia kidogo. "Tutaona," alimwambia, basi.

Wiki za kwanza ujumbe ulikuja kila siku. Chumba kizuri. Walimu wazuri. Hali ya hewa ya baridi lakini nzuri. Chiriku alisoma, na kila "nzuri" ilipozidi, yule mdudu wa zamani wa shaka akaanza kumtambaa tena mgongoni.

"Kijana gani huyu," baba alisema, "ametembea mwezi mzima asikanyage hata mwiba mmoja?"

"Labda kweli mambo ni mazuri, baba."

"Labda," baba alisema, kwa namna ambayo neno hilo halikuwa na labda hata kidogo.

Kufikia wiki ya kumi na mbili Chiriku alikuwa ameshaanza masomo chuo cha mjini, asubuhi darasani, jioni dukani. Siku hiyo barua ilifika akiwa mezani na baba yake, kabla jua halijazama. Nafasi zote zimejaa. Orodha ya akiba imefungwa. Walimtakia kila la heri.

Alikuwa amedhani amejiandaa. Kumbe mtu hajiandalii mlango unaofungwa, hata kama aliacha kuutazama zamani. Alilia mbele ya sahani yake, baba akisogeza bilauri ya maji karibu na mkono wake, kisha karibu zaidi. Machozi hayajakauka, alichukua simu akamwandikia Kipeo: "Orodha imefungwa. Sikuitwa. Nalia sasa hivi, nimeshika kijiko."

Jibu lilichukua dakika chache. Kwanza ilikuja picha. Karatasi ya mtihani, namba na alama za hisabati zimejaa, juu yake maksi za wino mwekundu zimezungushiwa duara, na tarehe ya siku ileile. Chini yake maneno: "Nakupigia sasa hivi tulie wote. Lakini kwanza hii. Tumerudishiwa muda huu, bado niko darasani, jirani yangu ananichungulia. Ni ya tatu kufeli. Zile mbili nilizificha kwenye 'nzuri'. Nisamehe. Mama hajui. Wewe ndiye wa kwanza."

Chiriku aliisoma mara mbili. Hasira ikaja, ya zile mbili. Kisha akaitazama tena ile karatasi, aibu yote ile imepigwa picha wazi, bila kona hata moja iliyokunjwa, na hasira haikupata pa kukaa.

"Ni yeye?" baba aliuliza. "Anasemaje? Lete."

Baba aliinyoosha simu mbali na uso wake, akakunja macho. Akaisoma picha kwa makini, kama alivyokuwa akisoma anwani zilizofutika kwa mvua.

"Ishirini na tisa," alisema. "Kati ya ngapi?"

"Mia, baba."

"Ishirini na tisa kati ya mia." Alitikisa kichwa, akamrudishia simu, akavuta sahani yake. "Huyu hakudanganyi. Hakuna mwongo atakayejipa ishirini na tisa."

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Chiriku. Baba aliinuka na sahani yake, ingawa hajamaliza kula, akaenda kukaa nje.